Kidonda Nyuma ya Sikio

Mchungaji wa kanisa la nyumbani alitangaza muujiza wangu kabla sijatolewa nyuzi. Habari hiyo niliipata kwa simu kutoka kwa mama yangu, mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu Ukambani. Nilikuwa nimelala chumbani kwangu Mumbuni, mjini Machakos, shavu moja limefura, shingo imekakamaa, siwezi kugeuka bila kugeuza mwili wote.

"Amesema Jumapili uje ushuhudie," mwaitu akaniambia. "Uvae ile nguo yako ya bluu."

"Nishuhudie nini?"

"Si ile shida yako imeisha?"

Ilikuwa imeisha, ndiyo. Ilikuwa imeisha kwa sababu daktari mmoja mwanamke alisimama kichwani pangu asubuhi nzima, akaitafuta kwa kamera nyembamba kupitia kitundu alichonipasua nyuma ya sikio, akaitoa. Mwaitu alijua hivyo. Mchungaji pia alijua, kwa kuwa mwaitu humwambia kila kitu. Nikakata simu. Sikuwa nimewahi kumkatia mama yangu simu.

Uvimbe wenyewe ulianza baada ya mafua ya kawaida. Nilikuwa nimeajiriwa kushona kwenye kiwanda kimoja cha nguo huko Athi River, upande wa EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, kazi yangu ikiwa kola za mashati tu, kola baada ya kola. Mafua yakaisha, lakini upande wa kulia wa shingo, chini ya taya, kukabaki kitu kama punje ya haragwe. Hakikuuma. Nikikisukuma kwa kidole, kinateleza. Kila nilipopata homa ya mafua kiliongezeka, na mafua yakipona kinapungua kidogo lakini hakirudi kilivyokuwa. Mwishowe kikawa kama yai la kuku. Nikaanza kujifunga leso shingoni hata kwenye joto la saa nane.

Watu hawana adabu na shingo ya mwenzao. Mguu wako ukivimba watakuuliza umefanya nini. Shingo ikivimba watakwambia wenyewe. Kazini walisema ni kifua kikuu, na wawili kwenye laini yetu wakaomba kuhamishwa viti. Kule Masinga, nyumbani, shangazi yangu alisema ni rovu ya kukosa chumvi, jirani akasema ni jicho la mtu. Hayo yote nilikuwa nayazoea. Nisiyoyazoea hadi leo ni yale yaliyonipata kanisani.

Kanisa letu liko kando ya barabara inayoteremka kwenda kwenye bwawa. Ni la mabati, na mabati mengine yalinunuliwa kwa mbuzi wa baba yangu marehemu. Mchungaji alinifundisha Sunday school, akanibatiza, akanisimamisha kuimba mbele nikiwa bado msichana mdogo. Nilipompelekea uvimbe wangu, nilimpelekea kama mtu anavyompelekea baba yake. Akanipaka mafuta, akaweka mkono. Kisha akaweka kidole gumba juu ya ule uvimbe, akaukandamiza, akiamuru utoke. Aliukandamiza mpaka machozi yakanitoka, na watu wakasema Roho amenigusa.

Alirudia mara nyingi. Uvimbe ulipokataa kwenda, alinitoa kwenye kikundi cha kuimba. Aliniita pembeni baada ya ibada, kwa sauti ya upole kabisa.

"Watu wanaangalia shingo yako badala ya kumwangalia Bwana," akasema. "Pumzika kidogo."

Mara nyingine akaniambia, mwaitu akiwa amekaa hapo hapo, "Tumeomba, tumefunga, na hiki kitu bado kiko. Hapo kuna jambo hujakiri."

Sikuwa na jambo. Nilikuwa mshonaji wa kola, naamka alfajiri, narudi jioni nimechoka, nalala. Lakini maneno yakishasemwa na mchungaji hayakosi pa kukaa. Jioni ile tukiwa jikoni, mwaitu akaacha kukoroga mboga, akaniuliza bila kunitazama, "Kama kuna mimba ulitoa huko Athi River, uniambie. Mimi ni mama yako."

Nilitoka nje nikasimama karibu na zizi. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa bado sijui niielekeze kwa nani.

Aliyenipeleka hospitali ni mwenzangu wa kazini, mwanamke aliyenizidi umri, aliyekaa kwenye cherehani ya karibu na yangu na hakuhama wengine walipohama. Siku moja wakati wa chakula aliivuta leso yangu taratibu, akatazama, akasema, "Hii si ya kuvalia leso. Hii ni ya kuonwa." Siku yetu ya mapumziko tukaenda pamoja.

Daktari alikuwa wa masikio, pua na koo. Ni mwanamke mfupi, mwenye haraka, asiyependa salamu ndefu. Alinipima kwa ile mashine wanayopimia wajawazito, akaipitisha shingoni. Halafu akachoma sindano, akavuta maji mazito, ya rangi ya uji, akayapeleka yapimwe. Majibu yalipotoka, aliniketisha.

"Hii si saratani," akasema. "Si kifua kikuu pia. Ni kifuko cha maji. Ulizaliwa nacho."

"Nilizaliwa nacho vipi na kimetokea juzi?"

Akanieleza. Mtoto akiwa bado mdogo sana tumboni, shingo yake huwa na mikunjo na vijishimo ambavyo hufungika vyenyewe anapokua. Changu kimoja hakikufungika sawasawa, kikabaki ndani kama mfuko mtupu. Miaka mingi kilikaa kimya. Mafua yakakiamsha, kikaanza kujaa.

"Hakuna kitu ulifanya," akasema, akiandika. "Na hakuna kitu mama yako alifanya."

Sikuwa nimemuuliza hilo. Nadhani alikuwa ameona wengi kabla yangu.

Akaniambia dawa haitakimaliza, na kukivuta kwa sindano ni kukipunguza tu, kitajaa tena. Kinatakiwa kutolewa chenyewe na ngozi yake yote. Njia iliyozoeleka ni kupasua hapa mbele, akapitisha kidole kwenye shingo yake mwenyewe, chini ya taya. Njia ya pili ni kupasua kidogo nyuma ya sikio na kuufuata mstari wa nywele, kisha kuingiza kamera na vifaa virefu vyembamba, afanye kazi akitazama kwenye skrini. Inachukua muda zaidi, na haimfai kila mtu, lakini kovu linajificha kwenye nywele.

"Kwako inawezekana," akasema. "Ila usikae sana. Kikipata usaha, mambo yatabadilika."

Nilipiga simu nyumbani nikiwa na furaha. Nilifikiri nitawaambia si saratani na wote watashukuru. Mwaitu alisikia maneno mawili tu: ulizaliwa nacho. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo ni mimi?" Nikamwambia daktari amesema sivyo. Nikarudia. Sidhani alinisikia.

Kesho yake mchungaji akanipigia mwenyewe.

"Nimesikia unataka kupasuliwa," akasema. "Binti yangu, ukikimbilia kisu unamwambia Mungu hatoshi. Tumepanga maombi ya kufunga. Ngoja tumalize."

Mwaitu naye akalia kwenye simu. Akasema nikifia mezani, yeye atabaki na nani. Basi nikaahirisha. Walifunga, wakamaliza, wakapanga mengine, na mimi nikiulizwa na mwenzangu wa kazini naenda lini, nasema karibu tu.

Kifuko hakikungoja maombi yaishe. Kilianza kuwa chekundu, kikawa na moto, nikashindwa kumeza hata mate. Nilianguka kwa homa kazini, juu ya rundo la kola. Yule mwenzangu ndiye aliyenishika mkono tena. Nikalazwa, nikawekewa dawa kwenye mshipa, na daktari alipokuja kuniona hakunisalimu hata ile salamu fupi.

"Nani alikwambia ungoje?"

Nikamwambia.

Alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Kikishaoza kinashikamana na mishipa," akasema. "Shingo yako ina mishipa ya damu na ya fahamu imebanana hapo kama nyaya. Kabla ya hii, ilikuwa kazi safi. Sasa lazima tukitulize kwanza, tungoje uvimbe ushuke, na siku hiyo nikifungua nikikuta kimeshikamana sana, nitapasua mbele. Unaelewa? Sitahatarisha uso wako kwa ajili ya urembo."

Nikasema naelewa. Akatoka. Nikalala pale nikitazama dawa ikidondoka kutoka kwenye chupa, na hapo ndipo hasira yangu ilipojua pa kwenda. Mchungaji hakuja kuniona. Alimtuma mwaitu na chupa ya mafuta.

Nilingoja wiki nyingi uvimbe utulie. Siku ya upasuaji muuguzi alininyoa kipande nyuma ya sikio, akasema kwa upole nywele zitarudi. Nilipewa nusu kaputi, ile dawa ya usingizi. Nakumbuka taa, na daktari akiwa amesimama upande wa kichwa changu akiongea na wenzake habari za skrini ikae wapi, halafu sikumbuki tena. Nilipoamka koo lilikuwa linakwaruza, kichwa kimefungwa bendeji, na mpira mwembamba umetoka nyuma ya sikio kwenda kwenye kichupa kidogo cha kupokea damu.

Daktari alikuja jioni. Kwa mara ya kwanza niliona anatabasamu, ingawa macho yalikuwa yamemwingia ndani kwa uchovu.

"Kimetoka kizima," akasema. "Kilikuwa kimeng'ang'ania. Nusura nigeuze niende mbele. Lakini kimetoka chote." Akanitaka nikunje uso, nioneshe meno, nipulize mashavu. Nikafanya yote. Akaguna kwa kuridhika. Ndewe ya sikio ilikuwa imekufa ganzi, na akaniambia itachukua miezi, pengine isirudi yote. Nilimwambia sikio naweza kulivumilia.

Nikarudi chumbani kwangu, na ndipo simu ya nguo ya bluu ikaja.

Kabla ya Jumapili ile nilipitia kazini kueleza siku nilizokosa. Msimamizi wa laini yetu akanizunguka akitazama shingo.

"Unasema umepasuliwa. Wapi?"

Nikainua nywele.

"Hiyo?" akasema. "Hiyo si ya kuchanwa na kitana?"

Wengine wakacheka. Miezi yote ile uvimbe ulipokuwa nje, kila mtu alikuwa na neno juu yake. Sasa kwa sababu daktari alijitaabisha kunipasua mahali pasipoonekana, nilikuwa mwongo. Nilimwekea karatasi ya hospitali mezani, nikageuka nikaondoka, na nilikuwa tayari nimekasirika hata kabla ya kufika Masinga.

Sikuvaa ya bluu. Nilivaa ya kazi, nikajifunga kilemba.

Kanisa lilikuwa limejaa. Kwenye safu ya mbele alikaa mama mmoja nimjuaye tangu utotoni, anayeuza samaki wa bwawa sokoni. Alikuwa amejizungushia kitenge shingoni. Sikuhitaji kuuliza. Najua namna mtu anavyojifunika shingo asipotaka ionekane. Yake ilikuwa imejaa mbele, katikati, na alipokuwa akiimba alikuwa akikatiza kuvuta pumzi.

Mchungaji aliniita mbele, akanishika bega, akanigeuza kwa watu.

"Mwangalieni shingo," akasema kwenye kipaza sauti. "Mnakumbuka ilivyokuwa. Kuna kitu hapo?"

Wakasema hakuna.

"Kuna kovu?"

Wakasema hakuna.

"Wembe umemgusa?"

Wakasema haujamgusa. Mwaitu alikuwa amekaa upande wa akina mama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea ukingo wa leso yake.

Kisha mchungaji akamnyooshea mkono yule mama wa samaki. "Na wewe mama, umeona. Walikwambia uende Machakos, uende Nairobi. Mimi nakwambia usitoke hapa. Wewe ni wa pili." Yule mama akaanza kulia, mikono juu.

Akanipa kipaza sauti.

Nilikuwa nimepanga kusema machache na kuketi, kwa ajili ya mwaitu. Niseme namshukuru Mungu, maana namshukuru kweli, basi. Lakini yule mama alikuwa ananitazama kama mtu mwenye kiu anayetazama maji. Nikafungua kilemba, nikawapa mgongo, nikainua nywele, nikakunja sikio mbele kwa kidole.

"Kovu ni hili," nikasema. "Waliokaa nyuma kama hamuoni mje karibu. Nilipasuliwa. Nililala hospitali mara mbili. Mara ya kwanza nililala kwa sababu niliambiwa hapa ningoje, na nikangoja mpaka nikaoza."

Mchungaji alikuwa mwepesi, hilo simnyimi. Alicheka kidogo, akasogea karibu na kipaza sauti. "Amina. Mungu hutumia hata madaktari. Si ndiyo?"

"Ndiyo," nikasema. "Sasa mbona ulinikataza?"

"Binti yangu, hapa si mahali pa—"

"Ulinipigia simu ukaniambia nikienda nina maana Mungu hatoshi. Mama yangu yuko hapa. Ulijua nimepasuliwa wakati unawauliza kama kuna kovu. Ulijua."

Aliyekuwa kwenye kinanda akaanza wimbo. Kipaza sauti kikazimwa, sijui na nani. Nikateremka bila hicho nikasimama mbele ya yule mama, nikamwambia kwa sauti yangu ya kawaida, "Yangu ilikuwa kifuko cha maji. Yako sijui ni nini, na yeye pia hajui. Nenda uonwe." Halafu nikatoka, wimbo ukiendelea nyuma yangu.

Watu wanaponisimulia siku ile husema nilikuwa jasiri. Sikuwa jasiri, nilikuwa nimekasirika, na nilipofika barabarani niliketi kando ya ua wa mkonge, kilemba bado mkononi.

Yule mama alinifuata baada ya ibada, amejishika kitenge. Hakuniuliza habari za imani. Aliniuliza, "Hiyo nusu kaputi, mtu anaamka?" Nikamwambia mimi nimeamka. Akauliza kama nitaenda naye. Nikaenda naye.

Yake haikuwa kifuko. Ilikuwa ni rovu kubwa, iliyokuwa imeanza kubana njia ya hewa, na ndani yake kulikuwa na donge daktari hakulipenda. Njia ndogo ya kamera haikuwezekana kwa ukubwa ule. Alipasuliwa mbele, kwa njia ya zamani, na kovu limempita shingoni kutoka upande hadi upande. Bado anafuatiliwa. Daktari alisema angengoja zaidi angekuja amebebwa. Mama huyo sasa hafuniki shingo, na wateja wakimwuliza anawaonyesha huku akiwapimia samaki.

Kanisa halikunisamehe. Wazee walikutana, kisha wakatuma ujumbe wa akina mama waje Mumbuni kuongea nami, na mwaitu akiwa miongoni mwao. Walikuja na sukari na mkate. Niliwapikia chai. Walikunywa, wakasifu chumba, ndipo aliyekuwa mkubwa wao akasema mchungaji yuko tayari kuyamaliza, nikikubali kusimama mbele ya watu niseme nilizungumza kwa uchungu.

"Nilizungumza kwa uchungu," nikasema. "Hilo ni kweli. Lakini yeye atasimama aseme nini?"

Mmoja akasema mchungaji hawezi kuombwa hivyo.

"Basi tumalize chai," nikasema.

Hawakukaa sana baada ya hapo. Waliinuka, wakaaga, wakatangulia kwenye ngazi. Mwaitu akabaki nyuma akijifanya anatafuta kiatu. Akaja nilipokuwa nimesimama na vikombe, akaniinamisha kichwa kwa mkono, kama alivyokuwa akifanya zamani akinisuka, akainua nywele na kutazama. Nilisikia pumzi yake shingoni. Kwenye ndewe ya sikio sikusikia kitu, ingawa najua aliigusa.

"Iliuma sana?" akauliza.

Nilikuwa na majibu mengi, na mengi yalikuwa makali. Alikuwa amechelewa mno kuuliza, na wenzake walikuwa wakimwita kutoka chini.

"Iliuma, mwaitu," nikamwambia. "Kaa nikueleze."

Akasogea mlangoni, akawaambia watangulie, yeye atafuata baadaye. Kisha akarudi akaketi, akaweka mkoba wake chini, na nikaanza kumweleza. Sikumpunguzia kitu.